Ukuta Ndani ya Gari

Kuna mlango wa kabati jikoni kwangu ambao wageni wote huusifu. Huniuliza ni fundi gani huyu aliyeunganisha mbao mpaka huwezi kupitisha hata ukucha katikati. Huwa nawaambia ni kazi ya marehemu mume wangu, kisha nawamiminia chai. Siwaambii kwamba kabla ya kuwa mlango wa kabati ulikuwa ukuta ndani ya gari, wala kwamba kuna miaka niliyotamani kuupasua niuchome kuni za kupikia maharagwe.

Mume wangu alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli, nasi tulikaa katika landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na watoto wawili wadogo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa injini za treni. Yeye pia alitoka magharibi kama sisi, lakini lugha yake ilikuwa nyingine, kwa hiyo naye tulisema Kiswahili. Mama yangu alikuwa juu kwenye baridi, ng'ambo ya Molo, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu. Alichuma pareto hapo tangu baba afariki, na alikuwa na maneno mengi kuliko mikono, jambo ambalo nimerithi.

Mwaka ule alianza kuvimba tumbo. Kwanza alisema ni gesi. Baadaye akasema ni baridi, na baadaye tena akaacha kusema, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilipanda treni nikaenda kumwona. Miguu ilikuwa imekonda kama ya mtoto na tumbo limejaa kama la mama mja mzito. Dresa wa shamba, yule mtoa dawa wa zahanati, alikuwa amempa dawa ya haluli, akampa tena, mwisho akaniambia kwa upole kwamba dawa yake imefika mwisho. Alisema mama apelekwe hospitali kubwa ya Nakuru, atolewe maji na waangalie kinacholeta maji hayo, na asicheleweshwe.

Kusema ni rahisi. Mama hakuweza kutembea hadi stesheni, na hata angefika, hakuweza kukaa kwenye benchi la daraja la tatu katikati ya magunia na kuku wa watu. Aliweza kulala kwa ubavu tu. Lori la shamba lilibeba makopo ya maziwa na pareto kavu. Nilikwenda kusimama mbele ya nyumba ya mwenye shamba nikamwomba. Akanijibu kwamba lori si la wagonjwa, akarudi kumalizia mayai yake.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, ukimuuliza swali unaweza kupika ugali ukaiva kabla hajajibu. Alinisikiliza huku akichonga penseli yake. Jumamosi alipanda baiskeli akaenda Njoro, kwa mzungu mmoja aliyekuwa amemtengenezea makabati na hajamlipa. Alirudi jioni kwa miguu, amejaa vumbi, akitembea nyuma ya maksai waliokuwa wakivuta gari.

"Baiskeli iko wapi?" nilimuuliza.

"Nimeiacha huko."

"Na pesa za makabati?"

Akalionyesha gari kwa kidole.

Lilikuwa boksibodi, yaani mbele ni gari na nyuma ni kibanda cha mbao chenye mlango wake. Lilikuwa limekaa nyuma ya zizi la farasi muda mrefu hata kuku wakalifanya kwao. Kuku mmoja alikuja nalo kutoka Njoro akiwa amelalia mayai, na mtu akimsogelea anamdonoa. Mume wangu alisema aachwe. Basi tukaanza kutengeneza mbele huku nyuma kuna mzazi. Wanawake wa landhi walipita wakicheka wakishikana mabega, na mimi nilicheka nao, maana ningefanya nini? Lakini moyoni nilihesabu gari lile kuwa ni dawa ya mama.

Injini ilikuwa kazi ya jirani. Kila Jumapili akitoka kanisani alivua tai, akaingia chini ya gari na shati lake jeupe la kanisani, na mkewe akagomba mpaka akachoka. Nyumba yangu iligeuka gereji. Nilikuta pistoni kwenye sufuria yangu ya ugali, imelowekwa mafuta ya taa. Gasketi ya pampu ya maji ilikatwa kutoka kwenye boksi la sabuni, ikapakwa grisi ikakubali. Rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ndiyo iliyotusumbua, maana ilivuja kama kikapu. Siku moja jirani alichungulia mlangoni kwangu.

"Mama watoto, hebu leta unga kidogo."

"Mmesikia njaa saa hii?"

"Si sisi. Ni gari inataka kula."

Walimimina posho yangu ndani ya rejeta pamoja na maji. Nilisimama pale nimeshika kiuno, nimewaandalia maneno makali, lakini uvujaji ulipungua ukawa tone moja moja, ikabidi nimeze maneno yangu.

Gari liliwaka Jumapili moja kabla ya mvua za masika. Walipokezana hendeli, huyu akizungusha mpaka achoke, yule anapokea, halafu likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Kuku alishuka na vifaranga vyake akakimbia, na sijui alikokwenda. Wanawake walipiga vigelegele. Jirani alijifuta jasho akatuonya: gari hili likishapata moto halitaki kuzimwa, ukilizima litakataa kuwaka hadi lipoe kabisa, na kuliwasha ni kazi ya wanaume wawili. "Mkiwa njiani msizime," alisema. "Hata mtu akienda choo, wacha ingurume tu."

Nikamgeukia mume wangu. "Kesho tunakwenda kumchukua mama."

Akapangusa mikono polepole. "Na mama atakaa wapi?"

Nililijua swali hilo, na nilikuwa nimeomba asiliulize.

Kwetu, mwanamume na mama mzazi wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko heshima zote. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Mume wangu alipoleta ng'ombe wa mahari, mama alijifungia jikoni hadi wageni wakaondoka. Salamu zao zote zilipita kwangu. Mara moja tu walikaribiana, kwenye stesheni ya Molo, mama aliponisindikiza bila kujua kwamba mume wangu amekuja kunipokea. Mama alijificha nyuma ya makopo ya maziwa. Mume wangu aligeukia ukuta akaanza kusoma saa za treni, akasoma, akasoma, mpaka treni yenyewe ikatuacha. Tulikuwa tukicheka kisa hicho kila mara. Nilikicheka mpaka mwaka ule.

Sasa gari lile, kutoka kiti cha dereva hadi nyuma, lilikuwa wazi. Nilisema nitatundika blanketi. Mume wangu alitikisa kichwa. Nilidhani mama angalau, kwa maumivu aliyokuwa nayo, angenisaidia. Lakini aliposikia habari za gari alituma neno kupitia mwanamke wa kambini kwao aliyekuja sokoni Nakuru: ataingia kukiwa na ukuta. Blanketi hapana. Blanketi ni nguo, na nguo hupeperushwa na upepo. Afadhali afie kitandani kwake.

Kwa hiyo mume wangu akaanza kujenga ukuta.

Mtu mwingine angepigilia mbao mbili tatu akamaliza. Yeye alitafuta vipande vya mtarakwa, akavipiga randa, akavichonga ubavuni ili kila ubao uingie ndani ya mwenzake, ulimi na mfereji. Alifanya hivyo akitoka kazini, akiwa amechoka na ametembea kwa miguu kwa kuwa baiskeli haipo. Kisha mvua ikaja. Gundi ilikataa kukauka. Mbao zilivimba. Nyumba yote ilinuka mtarakwa, nguo zetu, uji wa watoto, na mimi hadi leo nikisikia harufu ile mate hunikauka mdomoni.

Jumapili moja, nikidhani ukuta umekwisha, aliingia nyuma ya gari, akafunga mlango, akaziba dirisha lake dogo kwa gunia, akakaa gizani. Alikaa kitambo. Alipotoka alisema ameona mwanga mahali, mwembamba kama sindano. Akaanza kuubomoa wote.

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. "Mama yangu anakufa, na wewe bwana unatafuta mwanga! Gari linanguruma hapa kila siku! Linanguruma, na mama yuko Molo!"

Hakupandisha sauti. "Huyu ndiye aliyekuzaa," alisema. "Sitamweka mahali ambapo naweza kumwona akiteseka."

Nilimchukia siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia yeye na randa yake, nikamchukia mama kwa ukaidi wake, na nikazichukia heshima za kwetu ambazo mimi mwenyewe nimelelewa nazo na nilikuwa nikizifundisha watoto. Mimi ningewaweka wote wawili kwenye kiti kimoja na kuwafunga kamba. Lakini hakuna aliyeniuliza, na kwa kweli, hata wangeniuliza, sijui kama ningethubutu.

Ukuta ulipokwisha, barabara ya Molo ilikuwa tope tupu, malori yamezama humo hadi ekseli. Tukangoja tena. Asubuhi ya kwanza waliposema barabara inapitika, niliwaacha watoto kwa mke wa jirani, gari likazungushwa hendeli, tukaondoka. Kwenda nilikaa mbele na mume wangu. Mahali pa kupanda karibu na Elburgon nilishuka nikasukuma, na yeye akaniangalia kwenye kioo cha ubavuni kwa huruma ambayo sikuitaka.

Mama alikuwa tayari amevikwa leso safi. Nilitegemea kumkuta amekonda, lakini si vile. Wanawake wa kambi walimbeba kwenye blanketi, wakampitisha mlango wa nyuma na kumlaza kwenye godoro la majani nililokuwa nimetandika. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha dereva, gari likinguruma, macho yameelekezwa kwenye miti iliyoko mbele kana kwamba ameajiriwa kuihesabu. Nilipanda nyuma kwa mama, nikaketi na kuuegemea ukuta, nikaweka kichwa chake mapajani pangu. Tulikuwa tumepatana alama na mume wangu, kwa sababu kwa ngurumo ile na ubao ule hakuna sauti ingepita. Nikigonga mara moja, asimame. Nikigonga mara mbili, aendelee.

Niligonga mara mbili.

Mama aliunyosha mkono akaupapasa ukuta. Alipitisha vidole kutoka ubao mmoja hadi mwingine, polepole, kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto.

"Hakuna hata ufa," alisema.

"Hakuna, mama."

"Ameutengeneza kwa muda gani?"

"Muda mrefu," nilisema, na nadhani uchungu ulisikika katika sauti yangu, maana alinipiga kofi dogo la goti.

Tulikwenda pole pole. Kila shimo lilimfanya afumbe macho. Dirisha dogo la mlango wa nyuma lilionyesha barabara ikituacha, tope jekundu, misonobari, ukungu. Baada ya Elburgon alitulia sana, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa akiutazama ukuta.

"Mwanangu," alisema, "mwambie asimame. Mwambie azunguke huku. Nataka kumwona aliyeutengeneza huu ubao."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema yeye ni mzee na mgonjwa, na kama kuna aibu ataibeba yeye, si mkwe wake. Aangaliwe kidogo tu, halafu arudi kwenye kazi yake.

Niligonga mara moja. Gari likasimama likinguruma. Nilishuka nikaenda dirishani kwa mume wangu, nikamwambia maneno ya mama kama yalivyo. Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Nilimwona akiangalia mikono yake, ina grisi hadi kwenye kucha.

"Mama amechoka," alisema. "Ni ugonjwa unaosema. Akipona atajuta kwamba nilimtii."

"Hajachanganyikiwa. Ana akili kuliko wewe na mimi."

"Tukifika," alisema. "Akishatolewa maji, akiwa amekaa vizuri, akitaka hivyo bado, nitakuja. Mwambie nimeahidi. Tukifika."

Nilirudi nikamweleza mama. "Haya," alisema. "Ana adabu. Nilikupeleka pazuri." Nami nikagonga mara mbili, kwa ngumi.

Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, na barabara zilikuwa na vizuizi. Kabla ya Njoro tulisimamishwa. Kupitia dirisha la nyuma nilisikia askari akimwamuru mume wangu kwa kelele azime injini, na mume wangu akimwomba kwa sauti kubwa, afande, tafadhali, haitawaka tena, nina mgonjwa. Kisha wakaja nyuma wote wawili, injini bado ikinguruma. Askari alikuwa amechungulia mbele akaona ukuta, na ukuta ndani ya gari ulikuwa jambo la mashaka.

"Iko nini huko nyuma? Umeficha nani? Fungua!"

"Siwezi kufungua, afande," mume wangu alijibu.

"Nini? Huwezi?"

"Huko ndani kuna mama mkwe wangu."

Askari akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Aa. Basi geuka huko. Mimi nitafungua."

Alifungua mlango. Akamwona mama, akaniona mimi, akavua kofia. Nyuma yake, hatua chache tu barabarani, mume wangu alikuwa amesimama ametupa mgongo, ameinamisha kichwa, koti lake la kazi likining'inia mabegani. Mama aliinua kichwa kutoka mapajani pangu. Aliuangalia mgongo ule kwa muda wote ambao askari alituombea heri na kuuliza tunakwenda wapi. Kisha mlango ukafungwa.

"Kumbe ni mwembamba hivyo," mama alisema. "Mbona humlishi?"

Nilicheka. Nilicheka na machozi yakinitoka, nikamwambia anakula sana, chakula ndicho hakikai. Mama naye akatabasamu. Alisema tukirudi nyumbani nimwandalie maziwa ya mgando na mboga za kienyeji kila siku, nisimbane na unga wa dukani. Alisema mambo mengine ya kawaida, juu ya kuku wake aliyewaachia wanawake wa kambi, na juu ya jembe lake ambalo mtu alilikopa. Niliendelea kumjibu. Nilimjibu jambo la jembe kwa kirefu, nikimtaja yule aliyelikopa na tabia zake, hadi nikagundua kwamba kwa muda nimekuwa nikizungumza peke yangu.

Nilimwita. Nikamshika shavu. Tulikuwa tumeshapita Njoro, barabara ikiteremka, Nakuru iko pale chini.

Niligonga mara moja.

Gari lilisimama. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani pangu na sikutaka kukiweka chini. Nilitaka kumwambia mume wangu, na ubao ule haukuwa na ufa hata wa kupitisha neno. Hatukuwa tumepatana alama ya jambo hilo. Kwa hiyo nikagonga tena, mara moja, na tena mara moja, na tena, sikuweza kuacha, nikigonga kwa ngumi, halafu kwa kiganja.

Ndipo nikasikia injini ikizimwa. Alikuwa ameizima mwenyewe, katikati ya barabara, na hapo nikajua kwamba ameelewa.

Nilingoja azunguke aje. Alikuwa ameahidi. Lakini hatukuwa tumefika, na mkwe haruhusiwi kumwona mama mkwe aliyekufa kama vile haruhusiwi kumwona aliye hai. Hakuja. Mlango wake haukufunguka. Tone la rejeta lilikuwa likianguka chini ya gari, na mimi nimekaa na mama yangu, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta.

Katika ndoa yetu yote, kabla ya siku ile na baada yake, sikumwona mume wangu akilia. Siku ile pia sikumwona. Nilisikia tu mgongoni, injini ikiwa imezimwa, ubao ukitikisika.